Pengo la Dieumerci

Jumanne, Bunia. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu ni muzito kabisa.

Leo dokta alisema wazi. Dieumerci, mutoto wangu wa mwisho, iko na miaka sita tu, lakini kimo chake ni cha kijana, sauti yake imekuwa nzito kama ya baba yake na masharubu imeanza. Mutoto mwanaume akibalehe mapema namna hii, mara nyingi kuko kitu ndani ya ubongo kinaamusha mwili. Pengine ni uvimbe. Bila picha ya ubongo hawezi kujua, na mashine ile haiko hapa. Iko Kampala.

Anasema Kampala kama vile ni kwenda soko ya Mudzipela!

Majirani wanasema mutoto amelogwa. Waseme, midomo yao haina bariere. Mimi naogopa bariere za njiani, pale wenye bunduki wanasimamisha watu.

Wiki iliyopita, kwenye bariere moja, askari walimushusha Dieumerci kwenye pikipiki. "Weye ni muasi, mutu wa pori! Kitambulisho iko wapi?" Mutoto wa miaka sita atatoa wapi kitambulisho? Nikalia: huyu ni mutoto, mumusikie mwenyewe! Kumbe nilikosea. Aliita, "Mama, naogopa," kwa ile sauti ya mwanaume, na mumoja akainua bunduki.

Nilimurukia mutoto, nikamufungua kinywa kwa vidole. "Muangalie meno!" Mbele hakuna kitu, pengo tu. Meno mawili ya utoto yalikuwa yameng'oka siku zile zile, akayatupa juu ya nyumba akiomba mapya, kama watoto wote. Askari mumoja muzee akainama, akaangalia sana.

"Kweli, ni mutoto. Mupite."

Pengo lile ndilo lilimuokoa.

Toka hapa mpaka mupakani bariere ni nyingi, na si zote za askari; zingine ni za watu wa pori wenyewe. Lakini tukibaki, kile kitu cha kichwani, kama kiko, kitaendelea kukua. Nikakata shauri tuende. Nikajiambia, pengo ndiyo karatasi yetu ya njia.

Muchana huu Dieumerci akanikimbilia anacheka, anashika ufizi. "Mama, jino jipya!" Kweli. Jeupe, kadogo kama punje ya muchele.

Siku ingine ningepiga vigelegele. Leo nilimukumbatia tu, asione uso wangu. Tutaondoka kesho, kabla jino halijajaza nafasi yake.

Ee Mungu wangu, ni mama gani anaomba jino la mutoto wake lichelewe?