Viti vya Kuazima

Ngamiani, Tanga. Jumatano, Mei 1956.

Mvua inanyesha tangu alfajiri, nami nimeamka nimenuna. Hata chai imenishinda.

Jana alikuja Mkaguzi wa shule. Bwana huyu tumemngoja mwaka mzima, maana ndiye wa kusema kama tutapewa madawati na darasa la tano, au watoto wataendelea kukaa kwenye jamvi na kuishia la nne. Mwanafunzi wangu Zuhura yuko la nne. Ana kichwa yule mtoto, mashallah. Shule yenye nafasi iko mbali, na mama yake, muuza vitumbua, hana nauli wala ndugu wa kumpokea huko. La tano likikosekana hapa, Zuhura anakwenda jikoni, basi.

Ungedhani tungemwonesha mgeni jamvi letu lilivyooza.

Thubutu!

Mwalimu Mkuu wetu ni mtu wa Pwani kamili. Mgeni akija, sisi huazimana: sahani kwa jirani, kiti kwa shangazi, mpaka nyumba isiyo na kitu ionekane ya Sultani. Akapeleka salamu mtaani kwamba mgeni mkubwa anakuja, tusitiriane. Viti vikaja vichwani, vya barazani, vya ukumbini, hata meza ya fundi cherehani. Watoto wakavishwa nguo za Idi. Mama Zuhura akatoa kiti pekee cha nyumbani kwake, cha marehemu mumewe, akakisugua kwa mafuta ya nazi kikang'aa.

Nilisema, "Mwalimu, tunaomba madawati, hatufanyi harusi." Akanijibu, "Bi Mwanahawa, aibu ya nyumba haitolewi nje." Nikaenda kupanga viti, nikisonya.

Bwana akaingia, soksi mpaka magotini. Akakikalia kiti cha Mama Zuhura, akakunja nne. Hakugusa daftari hata moja. Hakumwuliza mtoto yeyote hata jina. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuamrishia boi, kwamba shule nzuri sana, watoto safi sana, viti vingi, fedha ziende penye shida. Kisha, akinywa dafu letu, akatusimulia kwa furaha kwamba shule ya watoto wa Kizungu kule Raskazone inajengewa chumba cha kinanda.

Chumba cha kinanda!

Watoto wale ni wachache, na kila mmoja ana dawati lake na kitabu chake. Wetu wanakisongea kitabu kimoja vichwa vinne, wa pembeni anasoma kwa kupinda shingo. Na kodi baba zao wanalipa, tena wakichelewa hutafutwa na askari. Mtu mzima, mshahara mnono, haoni kwamba darasa zima halina viti viwili vinavyofanana? Anaona sana. Kukiri kwamba ameona kungemgharimu, ndiyo maana akaona kinanda.

Na Mwalimu Mkuu leo bado anatamba kwamba hatukuaibika. Mungu anisamehe, naye namdharau. Heshima yake imeshiba, watoto ndio wamelala njaa.

Mchana watu wamekuja kuchukua viti vyao. Mama Zuhura alifika na mwanawe, wamejifunika kanga moja. "Mwalimu, mgeni kasemaje?" Nikamweleza yote, maana ningemficha na yeye, ningekuwa nimezidi. Akakipangusa kile kiti kwa ncha ya kanga, mahali alipokuwa amekaa yule bwana.

"Mficha uchi hazai," akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Zuhura akajitwika kiti cha baba yake. Mlangoni akageuka, mtoto mwenye adabu zake, akaniuliza, "Akija tena yule mgeni, nikilete?"

Nimemwambia hapana. Na nimeapa: akija tena atakaa jamvini, na soksi zake, pale pale paa linapovuja, na Mwalimu Mkuu akipenda azimie.

Lakini siku hiyo Zuhura atakuwa kwao, anageuza vitumbua.