Rubani Wangu Amekataa Kuondoka Mwezini

Mshauri mpendwa,

Jumamosi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nilimpoteza rubani wangu, na rubani huyo ni mke wangu wa ndoa, na ninavyokuandikia hapa yuko jikoni anaimba, kwa hiyo usishtuke, hakuna aliyekufa. Nilimpoteza mchezoni. Mimi ni fundi wa vioo na madirisha ya alumini, nilianza na tepu ya kupimia ya kuazima na leo nina karakana yenye mafundi sita, na kila Jumamosi tukishafunga tunakaa mezani kucheza mchezo nilioutunga mwenyewe kwa miaka minne, mchezo wa chombo cha angani karne tano zijazo, ambapo kila mtu ana mhusika wake na anasema anachofanya, dadu zinaamua kama amefaulu, na mimi ndiye msimulizi, yaani mimi ndiye nyota, maadui, hali ya hewa na ajali. Kitabu cha kanuni kina kurasa 212. Nimepiga hesabu ya hewa, ya mafuta, ya uzito wa kila boliti. Meza yenyewe ni kioo cha milimita kumi, nimechora nyota kwa chini, ukiwasha taa unadhani unaelea.

Sasa, tulikuwa tunapita karibu na mwezi mmoja mdogo, namba 31, ambao sikuuandikia kitu kwa sababu ulikuwa wa kupita tu, mke wangu akasema, "Natua." Nikamwambia hapo hapana kitu. Akafungua kitabu changu, ukurasa wa 14, akasoma kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu: palipo tupu, mchezaji anasema kilichopo, na kikishasemwa hakifutwi. Akaweka dadu chini, akafumba macho, akaanza kusema polepole kwamba kule mvua hushuka taratibu mno hata unaweza kupita katikati ya matone usilowe, kwamba nyasi ukizikanyaga zinahema kama mtoto aliyelala, kwamba kuna kibanda kisicho na mlango kwa kuwa hakuna wa kupiga hodi, na kwamba siku nzima hakuna anayemwita.

"Mama, hewa itakuishia siku ya kumi na moja," nikamwambia.

"Itaisha kwenye karatasi yako. Huku kwangu ipo."

Jirani yetu dereva wa lori, ambaye mchezoni ndiye fundi injini, badala ya kunitetea akauliza, "Shemeji, hapo mwezini pana nafasi ya kuegesha?"

"Ipo, ila honi uiache huko huko juu."

Akacheka, akashuka. Binamu yangu muuguzi, daktari wetu wa chomboni, naye akashuka. Ndani ya dakika kumi na nane chombo chenye watu watatu kikabaki na sifuri, nami nikabaki nausimulia ulimwengu peke yangu, kama mtu anayeongea na ukuta.

Nimeshaandaa kimondo, nimekiandika kwenye karatasi. Kipenyo kilomita tisa, kinaupiga mwezi ule Jumamosi hii, watake wasitake watarudi chomboni. Lakini mke wangu ameiona karatasi, akasema bila kupandisha sauti, "Ukiugusa mwezi wangu, sikai tena kwenye meza hiyo." Na hatanii, namjua miaka kumi na saba. Nimemkosea nini mimi? Usukani nimempa, na kazini pia nimempa dawati la mbele na simu zote za wateja, arobaini kwa siku, kwa kuwa namwamini. Kimondo nikirushe au nisirushe? Sitaki kuzungushwa. Nataka ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Msimulizi niliyeachwa angani

*

Msimulizi,

Hapana. Jibu lako hilo, na leo ni Alhamisi. Sasa nisikilize.

Pole kwanza. Miaka minne si haba, na najua inavyouma watu wakishuka kwenye kitu ulichokijenga boliti kwa boliti. Lakini baba, hebu soma tena barua yako. Mkeo anapokea simu arobaini kwa siku, halafu ikifika Jumamosi unampa usukani na kumwambia aangalie mafuta. Katika kurasa 212 hukuandika hata kiti kimoja cha mtu kupumzikia. Kajitengenezea mwenyewe, kwa kanuni yako, bila kudanganya, na wewe unataka kumtwanga kwa jiwe la kilomita tisa! Una hasira za fundi aliyekuta mteja kafungua dirisha.

Tena usiseme umempoteza. Mtu mzima kafumba macho mchana kweupe, akaona mvua ambayo wewe hukuiandika. Huo mchezo wako ndiyo kwanza umeanza kufanya kazi. Mimi mwenyewe nilipofika kwenye yale matone, chai yangu ilipoa.

Kimondo kichane leo, mbele yake, siyo kimyakimya. Kuanzia Jumatatu simu za karakana ziwe za zamu. Mafundi sita wana masikio kumi na mawili. Na Jumamosi mpe mkeo kiti cha msimulizi, maana mwezi ni wake. Wewe hujawahi kuucheza mchezo wako hata siku moja, miaka yote umekuwa nyota na ajali. Chukua karatasi tupu ujiandikie mhusika, mtu wa kawaida asiye na cheo. Kaa upande wanaokaa wenzako, ukisogeze chombo mpaka karibu na namba 31, umwombe rubani ruhusa ya kutua. Halafu nyamaza, umsubiri ajibu.