Unga wa Kioo Ghalani

Goweko,
11 Juni 1974

Kwa kaka yangu Dionis,

Shikamoo. Natumaini joto la Dar es Salaam halijawachosha wewe na shemeji, na watoto ni wazima. Sisi tunaendelea, ila mke wangu Marcelina anajikuna mikono mpaka inatoka damu. Sababu yake utaisikia humu.

Kile kibao cha nyuzi za kioo chenye ngozi ya shaba, ulichotutumia cha kuunganishia vipuri vya kipaza sauti cha kijiji, kilifika salama. Maagizo yako aliyasoma katibu wetu, Damas, mbele ya kamati, akifuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili: nikikwaruze kwa wembe kando ya rula pande zote mbili, nikivunjie kwenye ukingo wa meza, kingo nizisugue kwa maji, nifunge pua, na kazi niifanyie nje kwa kuwa unga wake ni kioo. Mtu mwenyewe hajui hata kuweka betri kwenye redio. Mara tatu alikuja kuniuliza kama nimepata kitambaa. Nilimjibu kwamba fundi hafungi uso kama bibi harusi.

Kipaza sauti sasa kinanguruma. Lakini kina mama wanaochambua tumbaku ghalani walianza kuwashwa, na mkaguzi alipoyaona majani yanametameta alikataa zao lote la kijiji. Mkutano ukauliza nani anashika ufunguo wa ghala. Ni Damas. Wamemvua ukatibu, na keshokutwa wanajadili kumfukuza kijijini na familia yake. Alisema tu kwamba ufunguo alimwazima mtu aliyemwamini, na jina hakulitaja. Bwege wa namna hiyo sijapata kumwona.

Kaka, mtu huyo ni mimi. Kazi ya wembe niliiona ya kuchelewesha, na nje kulikuwa na upepo. Nikajifungia ghalani, nikakikata kile kibao kwa msumeno wa chuma, kikiwa kikavu, juu ya majani yaliyosubiri kufungwa. Nilipomaliza nikapuliza ule unga kwa mdomo wangu, nikajiona fundi. Kwenye mkutano nilikaa kimya, nikimcheka moyoni anayebeba mzigo wangu. Najionea aibu.

Barua zetu huzipeleka stesheni Damas. Hii nampa bila kufunga bahasha, na nitamwomba aisome kwanza mbele ya mkutano. Dharau zangu sikuzifuta. Atazifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, na mimi nitakuwa nimekaa mbele yake.

Nisalimie shemeji, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Marcelina anakusalimu, yeye bado hajajua.

Mdogo wako,
Wenceslaus