Mume Wangu Anasinzia Kwenye Usukani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimebanwa na sijui nimsikilize nani. Mume wangu Wenceslaus anaendesha lori la tumbaku la mjomba wake, mzee Alois, hapa Ipole, na tangu tuoane anakoroma, nami nilishazoea, ila siku hizi katikati ya kukoroma pumzi inakatika, ananyamaza kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama, na mchana anasinzia hata mbele ya sahani ya ugali. Mama mkwe akasema ni jinamizi, tumtafute mtu wa kumzindika, mimi nikamshawishi mume wangu twende kituo cha afya, na pale tabibu Hafsa akampima presha na unene wa shingo, akaniuliza namwonaje akiwa amelala, kisha akamwambia, "Inaelekea njia ya hewa inaziba ukilala. Nakupa rufaa ukapimwe Tabora mjini. Kabla ya hapo usiendeshe gari."

Tulipotoka mume wangu akasema yule si daktari, ni tabibu tu, hawezi kumwachisha mtu kazi, akanikataza nisimwambie mjomba. Juzi akielekea Sikonge alisinzia, lori likaacha barabara likaingia shamba la watu, na binti yetu Shukrani alikuwa kando yake. Hawakuumia, lakini mtoto hataki tena kupanda gari la baba yake. Nikisema, atapoteza kazi na ndoa itaingia doa. Nifanyeje?

Advera, Ipole

Advera, pole, na umefanya vema kumfikisha kituoni. Lakini kunyamaza baada ya lori kuacha barabara, hapo nakulaumu. Shukrani ameshakataa kupanda. Wewe bado unauliza.

Mumeo anakosea kumdharau tabibu. Hafsa amesomea kuuliza, kupima, kutilia shaka na kumpeleka mgonjwa panapostahili, na ndivyo alivyofanya. Daktari bingwa wa Tabora atathibitisha na kupanga matibabu; mkirudi Ipole, Hafsa ndiye atakayemfuatilia. Huo ni mnyororo mmoja, na mumeo ameukata mwanzoni.

Leo mwambie mumeo kwamba unakwenda kwa mzee Alois, usimzunguke. Kisha nenda, na umwombe ampe mumeo kazi ya kusimamia upakiaji mpaka atibiwe. Safari ya Tabora mfuatane, maana anavyolala unajua wewe, yeye hajui. Kwa sasa alale ubavu, aache pombe, na asinunue vidonge vya usingizi.

Atakununia, tena sana. Mwache anune. Atakuwa ananuna nyumbani, mzima, na binti yake yuko shuleni.