Bega la Koti la Babu

Chumba cha Kushonea,
Ghorofa ya Pili, Nyuma ya Duka la Rangi,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa kaka yangu Jemedari,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Sindano. Hujambo huko uliko? Goti lako limepona, au bado unapanda ngazi kwa kulalamika? Shemeji na watoto nao hawajambo? Sisi huku tu wazima. Kifua kilimsumbua Shangazi wiki iliyopita, lakini tangu jana ameanza kutugombeza tena, kwa hiyo tumejua amepona.

Nakuandikia kuhusu Babu. Najua hapo umeshusha pumzi. Barua yako ya mwisho ilisema umekwenda kwenye hifadhi ya nyaraka za jeshi la zamani, umewatafuta wapiganaji wote wa kikosi chake, jina lake halipo, basi tuyaache. Mimi sijayaacha na sitayaacha. Soma hadi mwisho kabla hujakunja uso.

Ukuta wa kumbukumbu ya vita unajengwa upya, na ofisi inayousimamia inapokea majina yaliyosahaulika hadi mwisho wa mwaka huu. Nilipokwenda, karani alinijibu kama ulivyojibiwa wewe, kwamba hakuna askari wa jina hilo. Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Basi huyo alitoroka." Nilimgeukia nikamtazama mpaka akaangalia viatu vyake.

Neno hilo Shangazi alilisikia tangu shuleni. Walikuwa wakimwita mtoto wa mtoro. Leo nywele zake zote ni nyeupe na bado akifika karibu na ukuta ule anavuka barabara, apite upande wa pili. Anataka kuliona jina la baba yake pale kabla hajafumba macho, nami nimempa ahadi yangu.

Unalikumbuka koti la Babu, lile alilorudi nalo kutoka vitani. Kila tukikusanyika linatolewa sandukuni, linatundikwa kwenye kiti cha mbele, nawe unasimama kando yake kutuhadithia alivyopigana. Kila ukisimulia, maadui wanaongezeka. Nakumbuka walipokuwa wanne tu. Mara ya mwisho walikuwa wamejaa bonde zima. Lakini hakuna aliyewahi kuruhusiwa kulivaa koti lile, wala kuligeuza nje ndani. Tuliliheshimu mno hata hatukulitazama.

Mwezi uliopita nondo waliingia sandukuni wakatoboa bitana. Shangazi aliniletea koti mwenyewe, amelifunga ndani ya shuka. "Shona palipotoboka tu," akaniambia. "Usijitie ufundi kwenye koti la baba yangu."

Nilipofumua bitana ya mabega nilikuta vipande vya blanketi, vimekunjwa vikawa vinene, vimeshikizwa kwa mkono. Ulikuwa mshono wa mtu asiyejua kushona lakini mwenye shida. Vilikuwa kwenye mabega yote mawili. Nikalitandaza koti karibu na dirisha, na kwa nje nikaona njia mbili zilizolika, moja kila bega, kutoka kifuani kwenda mgongoni, upana wa vidole vitatu. Miaka yote hiyo zilikuwa mbele ya macho yetu, ila sisi tulikuwa tunahangaika kung'arisha vifungo.

Bunduki huning'inizwa bega moja. Nikamwita jirani wa chini, yule mzee aliyestaafu kazi ya gari la wagonjwa. Alichukua mikanda miwili ya mabegi yangu, akaivika sanamu ya kupimia nguo iliyovaa koti, nayo ikalala juu ya njia zile sawasawa.

"Huyu alikuwa anabeba machela," akasema. "Mkanda unapita mabegani, unashika mipini ya machela. Sisi nasi zamani tulikuwa tunajaza taulo hapo. Ukibeba watu kutwa nzima, mkanda unakula nyama."

Nikaitoa barua yako nikaisoma upya. Uliandika kwamba mtunza nyaraka alikuuliza kama akutafutie pia upande wa wapagazi na wabeba machela, ukamjibu babu yako hakuwa mbeba mizigo, ukavaa kofia yako ukatoka. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikusifu. Kwa hiyo sikulaumu peke yako. Sote tumemtwika marehemu bunduki ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuitaja. Nimemuuliza Shangazi kama alimsikia baba yake akisema amempiga mtu risasi, akasema hata siku moja. Hadithi hizo zilianza baada ya mazishi.

Kumwambia Shangazi ndiko kulikonitia hofu. Mwanamke ameishi miaka yote na simulizi ya shujaa, halafu mimi namletea machela. Nilimkuta jikoni anachambua mchele, nikapiga moyo konde nikamweleza yote, nikamwekea koti mapajani bitana ikiwa wazi. Akaligusa lile blanketi kwa vidole, kipande baada ya kipande, mpaka nikajuta kuja.

Kisha akasema, "Nilipokuwa mdogo nilipenda kukaa mabegani kwake. Ananibeba hatua chache, ananishusha. Watoto wa majirani walibebwa na baba zao mpaka sokoni. Mimi nilijua baba hanipendi." Akaufunika uso wake kwa ncha ya kanga. "Kumbe alikuwa anaumia."

Kaka, nililia. Na wewe ukilia usimfiche Shemeji.

Sasa sikiliza. Koti peke yake halitoshi, ofisi inataka jina kutoka kwenye nyaraka za jeshi. Nilirudi kwa karani nikamuuliza kama wabeba machela wanaandikwa ukutani. Akasema wanaandikwa sawa na wengine, ila ni nadra familia kuja kuwaulizia. Kwa hiyo rudi kwa yule mtunza nyaraka wiki hii hii. Mwambie ulikosea. Najua kwako neno hilo ni kama kumeza kidonge bila maji, lakini limeze. Atafute wabeba machela wote wa kikosi kile, na asipompata huko atafute vikosi vya jirani. Usipokwenda, nitafunga chumba hiki nije mwenyewe, nilale sebuleni kwako mpaka jina lipatikane, na unajua ninavyokoroma.

Watoto wako nao uwaambie ukweli. Wakikuuliza Babu aliua wangapi, waambie hatujui kama aliua hata mmoja, ila wapo watu waliorudi kwao kwa sababu yeye aliwabeba. Mimi najivuna zaidi sasa kuliko nilivyojivuna na bonde lako lote la maadui.

Nisalimie sana Shemeji, mwambie kitambaa alichotuma kimetosha gauni na kimebaki. Wasalimie Kibonge na pacha wake. Jirani wa chini anakusalimu ingawa hamjuani. Shangazi anakuombea afya, na miguu ya kukufikisha kwenye hifadhi hiyo na kukurudisha.

Koti nimelimaliza, isipokuwa bega la kushoto. Shangazi amenikataza kulifunga. Amesema atakuja nalo hapa siku jina la baba yake litakapochongwa, anione nikilishona mbele yake. Sindano nimeichomeka palepale begani, na uzi wake umo. Sehemu yangu iko tayari, kaka.

Mungu akutangulie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyekuachia,
Sindano.