Majibu Yangu ya Mara ya Pili

Ngagara, Bujumbura

Kwako yaya Bonfils, kaka yangu mpendwa,

Ninakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba wewe, wifi Sephora na mtoto hamjambo hapo Uvira, na kwamba homa ya mtoto imepoa. Sisi tunaendelea. Mama anasumbuliwa na goti, lakini sokoni bado anakwenda. Anakusalimu. Hajui ninayokuandikia.

Uliniuliza kwenye simu kama nimefaulu mwaka huu wa kwanza chuoni, nikakujibu kwamba matokeo bado. Unajua nilivyo, kwenye simu maneno hunipotea. Ngoja nikueleze hapa polepole.

Katika masomo yetu ya uchunguzi wa jinai, profesa Anselme hutoa mtihani uleule mara mbili: wiki ya kwanza, kabla hajatufundisha chochote, na tena mwisho wa mwaka. Anasema majibu ya pili yakiyapita ya kwanza, tofauti hiyo ndiyo kazi yake. Mtihani wenyewe ni sanduku la mbao lenye mifupa ya mtu. Tunatakiwa tueleze alikuwa mtu gani: mwanamume au mwanamke, umri wake, aliumia wapi, alifanya kazi gani. Alikutwa kwenye mashamba ya mpunga kule Buterere, maji ya mafuriko yalipopungua, na hakuna aliyekuja kumuulizia.

Mara ya kwanza niliandika tu kwamba ni mtu mzima na amekufa. Profesa alisoma jibu hilo mbele ya darasa bila kutaja jina. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao ili wasinitambue. Baadaye tulimzoea huyo mtu wa sandukuni. Jovithe, ninayekaa naye meza moja, alimwita Mzee, na kabla ya kila zoezi alimwomba: “Mzee, leo utuhurumie, utupatie pointi.” Nami nilimpima, nikamfuta vumbi, nikamrudisha sandukuni.

Wiki iliyopita tulifunguliwa sanduku tena, na safari hii nilijua kutazama. Mwanamume, miaka arobaini na kitu. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika chini ya kiwiko, ukaunga ukiwa umepinda, kama uliofungwa kwa vijiti nyumbani, kiasi kwamba asingeweza kugeuza kiganja juu. Meno ya mbele yalikuwa na mkato mdogo, laini, wa mtu aliyeshikilia kitu kigumu mdomoni kwa miaka mingi. Wenzangu waliandika fundi cherehani, wengine seremala. Mimi niliandika fundi viatu, kisha kalamu ikanigomea.

Yaya, unakumbuka baba alivyokuwa akipokea sahani, kiganja kimekaa upande, tangu baiskeli ilipomwangusha? Unakumbuka tulivyokatazwa kumsemesha akiwa na misumari mdomoni?

Baada ya mtihani profesa aliniita. Aliniuliza nimejuaje ni viatu, wakati meno peke yake hayawezi kusema hivyo. Nikamwambia, “Profesa, ni baba yangu.” Alifunika sanduku, akasema karatasi yangu hataisahihisha.

Anasema alama mbili, za mkono na meno, si ushahidi. Lazima vinasaba vya mate yetu vilinganishwe na vya mifupa hiyo, na ombi kwa mwendesha mashtaka lisainiwe na mkubwa wa familia. Mkubwa ni wewe. Najua uliapa hutamtafuta mtu aliyegombana na Mama, akabeba mfuko wake wa vifaa mvua ikinyesha, akaenda kuoa Kongo. Mama naye bado anasema hivyo tukila, kwamba huko aliko anashiba. Miaka yote hii tumemchukia, kumbe huenda hakuvuka hata mpaka. Sijui maji yalimkuta akienda au akirudi. Hilo mifupa haisemi.

Na mimi nimemshika mkono mwaka mzima.

Tafadhali njoo kabla wanafunzi wapya hawajaanza, maana nao watapewa sanduku hilohilo. Msalimie sana wifi, umbebe mtoto kwa ajili yangu. Ukifika usipitie nyumbani. Nitakungojea kituoni, twende kwa Mama pamoja. Peke yangu sitaweza kumwambia.

Mdogo wako akupendaye,
Ingrid