Mimi Ndiye Niliyeingiza Jiko

Oti,

Barua zote nilizowahi kuandika nilizianza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, sijui wewe. Hii imenishinda kuianza hivyo. Basi naingia tu bila hodi, kama nilivyozoea kuingia kwenu Kaloleni wakati wa chakula.

Mama yako anahama. Amewaambia watu wa kanjo, wale wa baraza la jiji, nyumba yao wachukue, na Jumamosi asubuhi mjomba wako anakuja, wapande basi waende Siaya, na harudi tena Nairobi. Leo ni Alhamisi. Nimebaki na kesho peke yake ya kumwambia kwamba lile jiko hukuliingiza wewe kwenye gari. Nililiingiza mimi. Miezi mitatu sasa nimeshindwa kulisema. Mimi, Wekesa, ambaye ulisema mdomo wangu unahitaji breki za lori.

Nakuandikia wewe kwanza nizoee kulisema.

Unakumbuka ile Kombi ilivyokuwa Mzee Kariuki alipoileta gereji? Kuku walikuwa wanataga ndani. Sisi watatu, pale uwanjani nyuma ya soko la Jericho, tukaigeuza nyumba. Kariuki akachomelea paa la kuinuka. Wewe ukafanya injini, maana wewe ndiye ulikuwa fundi na dereva, na leseni ukaipata bila kumpa mtu chai, kitu ambacho mpaka leo watu hawaamini. Mama yako akashona mapazia ya maua. Na mimi, tuseme ukweli, ndiye niliyeifanya ikaitwa nyumba. Vitanda vya plaiwudi ni mimi. Kabati la vikombe ni mimi. Kila ufa nikauziba kwa puti, kila dirisha nikaliwekea mpira mpya, nikawaambia hata mbu akitaka kuingia humu aje na barua ya chifu. Kariuki akapitisha kidole ukingoni mwa mlango, akasema, "Haka kajamaa kameacha shule lakini mikono yake ilimaliza." Nililala na hayo maneno wiki nzima.

Halafu wakaja wale wazee wawili wa Ulaya, mume na mke. Yule mama alikuwa na Kiswahili cha kitabu. Akatuambia kwao Septemba majani yanaanza kuwa mekundu, na watu wenye magari ya kulala wanapanda milimani, wanakaa huko kwenye mbuga mpaka baridi iwafukuze. Sasa wamekuja Kenya na wanataka vilevile, mlima na gari la kulala. Ukaniinamia sikioni ukasema, "Weke, watu wana nyumba ya mawe wanaiacha wakalale kwenye gari. Sisi kwetu tulikua saba chumba kimoja na hakuna aliyewahi kuniambia niko likizo." Nilicheka mpaka Kariuki akanitupia spana.

Wakaikodi Kombi, tukapanda milima ya Nyandarua. Sitaki kuandika kwa urefu kuhusu huko kwa sababu ulikuona. Ile mianzi imefunga njia pande zote mbili, ile miti mikubwa yenye ndevu kama za mababu. Ukungu unaingia kambini saa nane mchana kama mtu aliyealikwa. Wale wazee wanalala kwenye Kombi, sisi kwenye hema. Siku ya pili asubuhi ulinitoa kwa mguu, "Njoo uone, Mungu ana friji!" Maji ya sufuria yalikuwa yameganda juu. Ulivunja kipande ukakipiga na kijiko ukisikiliza sauti yake. Wewe, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, fundi.

Siku ya tatu ndiyo hiyo.

Asubuhi Kombi ilizama kwenye tope. Nilishika usukani nikijifanya dereva, wewe ukasukuma na yule mzungu. Magurudumu yakakumwagia tope lote, na mvua ikamalizia. Baada ya chakula wale wazee wakaenda na askari wa wanyama kuona maporomoko ya maji. Tukabaki wawili. Ulikuwa unatetemeka mpaka unashindwa kushika kikombe. Nikakwambia, ingia kwenye gari, lala kitanda cha wenyewe, hawarudi mapema. Ukaniambia si vizuri. Nikakwambia acha ushamba, ukaingia.

Mimi nikawasha jiko nje, chini ya turubai. Oti, nililiwasha vizuri. Nilingoja mpaka moshi ukaisha wote, makaa yakawa mekundu hayana hata harufu. Si ndivyo tulivyolelewa? Mtaa mzima unajua kibaya ni moshi. Makaa yakishaiva, unaingiza jiko ndani, watoto wanapata joto. Nikalibeba, nikaliweka sakafuni kati ya vitanda vyangu vya plaiwudi, nikajiona daktari.

Ukafungua jicho moja ukasema, "Acha dirisha wazi kidogo. Mathe huacha."

Nikakujibu, "Dirisha nililoliziba kwa mikono yangu mwenyewe ndilo nifungue? Ukitaka upepo, huko nje umejaa."

Ukacheka. Ukajifunika kichwa. Nikavuta mlango ukagonga, ule mlango usioachia hata uzi wa hewa, nikaenda mtoni kuteka maji.

Ningerudi mara moja, sijui. Sikurudi mara moja. Huko chini nilimkuta askari mwingine, kijana kama sisi, nikaanza kumpigia hadithi. Nikamwambia ile Kombi naiendesha mimi, nimefika nayo Mombasa mara nne. Unajua mwenyewe sijawahi kuipeleka mbali kuliko lile tangi la maji la Jericho. Alikuwa msikilizaji mzuri. Mtungi ulijaa zamani, mimi niko Mombasa.

Nikarudi nikakuta umelala. Nikakwambia amka, wenye kitanda wanakuja. Nikakufinya kidole cha mguu. Nikakuita msichana. Nikachota maji kwa kiganja nikakudondoshea shingoni, na nilikuwa nacheka, Oti, nilikuwa bado nacheka. Uso wako ulikuwa na rangi nzuri kuliko asubuhi. Halafu kichwa changu kikaanza kugonga na magoti yakalegea, nikaanguka nje kwenye majani, na hapo nje, penye hewa, ndipo nilipoelewa makaa yasiyo na moshi yamefanya nini.

Nilikuvuta mpaka kwenye mvua. Nilikupiga kifua. Nilikuita majina yote, hata lile la kanisani usilolipenda.

Askari walipofika mmoja akaangalia ndani akauliza, "Nani aliingiza hiki?"

Nikasema, "Yeye. Alikuwa anaona baridi."

Lilitoka tu. Sikulipanga. Limetoka kama uongo wangu wote unavyotoka, wa Mombasa na mwingine. Kule kituoni karani akaliandika kwa kalamu, polepole, herufi moja moja, na mimi nimekaa mbele yake namwangalia anavyoandika. Alikuwa mwandishi wa polepole sana. Ningeweza kumsimamisha mara kumi.

Sasa nikwambie huku kukoje.

Kombi iko palepale uwanjani. Kariuki hataki iondoke na hataki kuitazama. Wiki ya kwanza nilichukua drili nikaanza kuitoboa, kwenye milango, kwenye paa, matundu kama ya kichungi cha chai. Akaja nyuma yangu akasema, "Kijana, unatoboa nini sasa?" Akaninyang'anya drili bila nguvu, akaizima, akaenda zake. Nadhani anajua. Hajaniuliza na mimi sijamwambia, na tunafanya kazi bega kwa bega kama watu wawili waliogombana.

Pale bombani Kaloleni wanawake wanasema mtoto alisoma mpaka Form Four halafu akajifungia na moto. Mmoja akasema alikuwa amelewa. Wewe, ambaye harusi ya binamu yako ulikunywa Fanta mpaka watu wakadhani umeokoka. Nilikuwa kwenye foleni, nikasikia kila neno. Nikajaza mtungi wangu nikaondoka. Mimi niliyekuwa napigana na mtu kwa sababu amesema hujui kupiga kona.

Lakini hao ni wa nje. Wa ndani ndiye anayenimaliza.

Mama yako jiko lake amelitoa, kampa jirani. Chai anapika kwa stovu ya mafuta ya taa, mlango wazi, baridi inaingia anajifunika leso. Nikifika ananiwekea kiti, na kila mara swali ni lilelile. "Wekesa, nyathina, wewe ulikuwa unanisikia. Kila Julai nilikuwa nasema acheni dirisha wazi. Kila Julai! Huyu alisahau vipi?" Ananiita mwanawe kwa lugha yenu, halafu ananiuliza hivyo. Namwambia, mama, baridi ya kule ni nyingine. Anatikisa kichwa. Anasema labda hakuwa anamwambia vizuri. Labda alikuwa anamwambia kwa kelele, na mtoto akipigiwa kelele hashiki kitu. Anajihesabia makosa, Oti, anarudi nyuma mpaka ulipokuwa darasa la pili, anatafuta ni wapi alipokosea kukufundisha.

Na wewe hukusahau. Ulisema. Hilo neno lako ninalo mimi peke yangu, nimelikalia kama kuku.

Si kwamba sikujaribu. Kwenu Siaya, siku ya kukuzika, walinipa nafasi niseme machache kama rafiki. Nilisimama nikiwa nimekata shauri. Nikaanza na kile kisa cha wewe na mbwa wa mchungaji, watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena, na nilipokaa mzee mmoja akaja kunishika mkono. Nilisema vizuri sana. Nilisema kila kitu isipokuwa hicho.

Mara ya pili nilienda kwa mama yako na mkate na maziwa. Kabla sijameza mate akaniletea lile koti lako la kahawia, ulilokuwa unaniambia nikiligusa utanivunja vidole. Akanivika mwenyewe, akakunja mikono kwa sababu imenizidi. Nililivaa mpaka uwanja wa mpira, nikalivua, nikatembea nalo mkononi kama kitu nilichoiba.

Jumapili iliyopita nikasema, "Mama, kuna jambo." Akasema, "Kama ni kuniambia nisihame, nyamaza, nimeshachoka kuambiwa." Nikanyamaza. Na nilifurahi. Hapo ndipo nilipojiogopa. Nilifurahi kama mtu aliyekosa kuitwa ubaoni.

Mjomba wako akifika Jumamosi hakutakuwa na nafasi, watakuwa wanafunga mizigo na kuhesabu vikapu. Na akishafika Siaya atakaa na hilo swali kando ya kaburi lako kila siku, na mimi nitakuwa Jericho nauza maneno. Kwa hiyo ni kesho. Ameniomba nije mchana tuifunge cherehani kwa kamba. Tutakuwa wawili.

Nimepanga maneno, tena kwa mara ya kwanza maishani ni machache. "Mama, Oti alisema dirisha liachwe wazi. Mimi ndiye niliyeingiza jiko, na mimi ndiye niliyekataa kufungua." Basi. Nimeyarudia nikipiga randa, nimeyarudia nikioga. Baada ya hayo sina kitu. Nimetafuta la kuongeza, la kulainisha, nimekosa. Wewe ungelipata, au ungesema, "Nyamaza, Weke, umeshafika."

Sijui atafanya nini. Anaweza kupiga mayowe Kaloleni nzima ije. Anaweza kunipeleka kituoni, na nitaenda, yule karani abadilishe alichoandika. Anaweza asiseme kitu, aendelee kufunga cherehani yake, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu sitajua niende au nishike kamba.

Lakini nakuahidi hivi, na hii si ya Mombasa. Kesho sitasemea mlangoni nikiwa tayari kukimbia. Nitapiga magoti palepale karibu naye, mahali ambapo mkono wake unanifikia, niseme, nikae.

Kwaheri, ndugu yangu.

Weke